Punje ya Wajina Wangu

Sijamaliza hata kuisoma barua ya Dira, goti la Mzee Shebuge lilikuwa limeshafika mlangoni kwetu. Mwenyewe alikuja nyuma yake kidogo, fimbo mkononi, suruali kaikunja mpaka pajani.

"Daktari," akaniita mbele ya mama na majirani waliokuwa wakimenya viazi vya sherehe. "Hebu niangalizie hapa. Panatoa maji tangu Ijumaa."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na udaktari wangu ulikuwa na nusu saa. Nikainama. Alipobandua kitambaa nikaona wekundu, nikaona usaha, masikio yakaanza kuvuma, na kilichofuata nikajikuta nimekaa juu ya maganda ya viazi. Watu wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya. Mama akawaambia ni furaha tu, mtoto hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Furaha gani! Mimi tangu utotoni nikiona damu naona giza. Kuku akichinjwa kwetu natumwa dukani, hata kama hakuna cha kununua. Kijiji kizima cha Kwemvumo kinalijua hilo. Lakini siku ile barua ilisema vingine, na barua ya Dira haibishiwi. Iliandikwa: Siwatu Shekimweri, Udaktari wa Binadamu, asilimia tisini na saba.

Mtoto wa kwetu akianza darasa la kwanza hufungwa mkanda mkononi, na ndani ya mkanda hutiwa punje, ndogo kama ya mtama. Punje inalala naye na kuamka naye kwa miaka kumi na tatu. Inahesabu mapigo ya moyo, inapima joto la ngozi na mwendo wa pumzi, na inajua mtoto yuko wapi na amekaa hapo muda gani. Haisikii maneno, sheria inakataza. Ukimaliza kidato cha sita, Dira inazisoma siku zako zote kwa pamoja na kukuambia kozi utakayosoma chuoni. Wazee wanasimulia kwamba enzi zao kila mtu alijijazia mwenyewe: huyu kamfuata rafiki, yule kapenda jina la chuo, mwingine kaambiwa na mjomba kwamba kozi fulani ina ajira. Nusu yao waliishia njiani. Siku hizi haishii mtu njiani.

Na ukizidi tisini, hupitii mwaka wa majaribio. Hakuna mwalimu wa kukusimamia akuone kama unafaa, maana Dira imeshakuona. Mwaka wa pili unapewa kisu na mgonjwa. Hilo ndilo lililonifanya nikose hamu ya viazi.

Nikajificha nyuma ya jiko na kiambatisho cha barua, kurasa tatu ambazo hakuna anayezisoma. Nikazisoma. "Saa elfu mbili mia moja na arobaini kando ya kitanda cha mgonjwa. Umakini wa juu kabisa: ndani ya hatua moja ya mgonjwa. Moyo mtulivu, pumzi ya taratibu, dalili za mtu aliyezama katika kazi aipendayo."

Nikarudia tena. Kwetu hajawahi kuuguzwa mtu kitandani. Mimi saa zangu nilizimalizia kwenye kuta za mawe, zile zinazozuia udongo wa mashamba yetu usiteremke bondeni. Baba alizijenga, mvua ikazibomoa mara mbili, yeye na mimi tukazijenga tena, na baada ya yeye kufariki nikaendelea peke yangu. Najua jiwe lipi linabeba na lipi linadanganya. Katika kurasa zote tatu hapakuwa na jiwe hata moja.

Ndipo nikakumbuka.

Darasa la tatu. Siku ya Mikanda, ambayo huwa kila Januari, kwa sababu mkono wa mtoto hukua na mkanda haukui. Mwalimu alikata mikanda ya zamani, akatuachia punje viganjani, akaenda kuchukua boksi la mipya. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama msichana aliyehamia wiki ile kutoka ng'ambo ya bonde. Nikamuuliza jina. Akasema Siwatu. Siwatu Mbelwa.

Kwetu watu wawili wenye jina moja hawapiti hivi hivi. Ukikutana na wajina wako mnapeana kitu, tena kitu cha mwilini: shanga, hereni, kitambaa cha kichwani. Ukimnyima unakuwa umejinyima mwenyewe, na watu watakusema. Sisi tulikuwa na miaka tisa, hatukuwa na shanga wala hereni. Tulikuwa na punje. Nikampa yangu, akanipa yake, tukafungwa mikanda. Mwalimu akatazama kioo chake kinachosoma punje, kikamwonyesha Siwatu na Siwatu, na mbele yake amesimama Siwatu na Siwatu. Akaita anayefuata.

Kwa miaka kumi siku zangu ziliandikwa kwa mwenzangu, na zake kwangu.

*

Mbelwa, ndivyo kila mtu anavyomwita ili tusichanganywe, anakaa kwa mjomba wake. Bibi yake, aliyemlea, alipatwa na kiharusi Mbelwa akiwa na miaka kumi na mbili, akalala miaka sita, akafariki mwaka jana. Nilimkuta kwenye chumba kile kile alichougulia bibi, amekaa kwenye kitanda kisicho na godoro.

"Umeshajua," akasema, hata salamu hakutoa.

"Wewe umejua lini?"

"Nilipofika kwenye mawe. Eti nimeshinda saa elfu tatu kwenye kuta za mawe! Mimi, wajina? Mafiga matatu tu chungu kinanilalia upande."

Tukacheka mpaka tukashikana. Barua yake ilikuwa juu ya mto: Uhandisi wa Miteremko, tisini na nne. Kozi ya kuzuia milima isishuke. Niliyatazama maneno yale kwa uchu, siwezi kudanganya. Kama Dira ingeniuliza mimi mwenyewe tangu darasa la tano, ningeiambia hayo hayo.

"Basi twende wilayani tukaseme," nikamwambia.

Kicheko kikamwisha. "Usiseme."

"Mbelwa."

"Ukisema watageuza majina. Wewe utapewa mawe yako, na mimi nitapewa wagonjwa." Alikuwa anapapasa mbao za kitanda kwa kiganja. "Miaka sita nimemgeuza mtu hapa, nimemlisha, nimemwosha. Nilimpenda bibi yangu, Mungu anajua. Ila nikiingia zahanati sasa hivi natapika. Sitaki tena, wajina. Nitajifunza hayo mawe. Bora mawe, hayaiti usiku."

"Lakini hapa wanasema ulikuwa mtulivu. Umezama katika kazi unayoipenda."

"Ile punje ilijua nimekaa wapi. Nilikaa kwa sababu gani, iliniuliza?"

Pembeni ya mto palikuwa na daftari lake la jalada la kijani, nililolizoea. Bibi yake alipoanza kupoteza usemi, Kiswahili ndicho kilichotangulia kuondoka, kikabaki Kisambaa, tena cha zamani, ambacho hata mjomba alikuwa hakipati vizuri. Kila neno jipya Mbelwa aliliandika. Shuleni alikuwa anatuchosha nalo. Wajina, unajua kuna neno la ukungu unaoshuka bila kulowesha nguo? Wajina, unajua kuna neno la mtu anayebisha hodi huku ameshaingia? Tulimwita Mbelwa Daftari.

"Na mimi nikiua mtu?" nikamuuliza.

"Utazoea damu. Watu wanazoea."

"Sitajaribiwa, Mbelwa. Nina tisini na saba, yaani una tisini na saba. Hakuna atakayesimama nyuma yangu kuniangalia. Nitazimia mtu yuko mezani tumbo wazi."

Akasema kwa sauti ndogo, "Basi kanifunge tena humu ndani. Si nimezoea?"

Nikaondoka kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua namkasirikia nani. Mlangoni nikageuka. "Jumatano naenda wilayani. Punje yako ninayo mimi na ya kwangu unayo wewe. Ukija, njoo. Usipokuja, nitasema peke yangu."

*

Mama nilimwambia siku ya Jumanne, akiwa anaanika maharage. Nilimweleza yote, kuanzia foleni ya darasa la tatu. Aliendelea kuyatandaza maharage mpaka yalipokuwa yameshatandazika, akaendelea kuyatandaza.

"Kuku sita," akasema hatimaye. "Nimechinja kuku sita."

"Nisamehe, mama."

"Na shangazi yako wa Handeni ameshaambia mtaa mzima." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Goti la Shebuge amelifunga nani?"

"Nesi wa zahanati."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilikaa kwenye maganda."

Nilijua anaiaga ile barua, na iliniuma kuliko matusi yoyote ambayo angenitolea. "Basi nenda kaseme," akaniambia. "Aibu ni yangu, nitaibeba. Ila mtoto wa watu usimwangushe. Yule bibi yake alikupa jina la utani, alikupenda kama wake."

Nilipiga moyo konde kwa maneno hayo, ingawa sikuona bado nitamwokoaje Mbelwa kwa kusema ukweli wenyewe uliokuwa unamfunga.

*

Ofisi ya Dira wilayani ni chumba kimoja chenye meza, kioo kikubwa ukutani na chupa ya chai. Afisa wake aliitwa Bi. Kaoneka, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba shingoni. Nilipoingia nilimkuta Mbelwa ameshafika. Amekaa kwenye benchi, daftari la kijani mapajani, macho kwenye sakafu. Nikakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Shikamoo mama," tukasema pamoja.

"Marahaba wanangu. Nani anaanza?"

Nikaanza mimi. Nikavua mkanda, Mbelwa akavua wake, tukaiweka mezani, nami nikaeleza. Bi. Kaoneka alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akazichukua punje, moja moja, akazigusisha kwenye kioo. Kioo kikafikiri. Kisha kikatoa maandishi.

"Mlikuwa na miaka tisa," akasema. "Sheria haimshiki mtoto chini ya miaka kumi na miwili. Mna bahati." Akashusha miwani. "Tena ni jambo jepesi. Nageuza faili. Shekimweri anakwenda Miteremko, tisini na nne. Mbelwa anakwenda Udaktari, tisini na saba. Kila mtu anapata haki yake, na sisi tunapata daktari wa kweli. Nahitaji vidole viwili tu, cha huyu na cha huyu."

Akasukuma kibao cha vidole mbele yetu.

Jamani, kozi niliyoiota tangu baba yuko hai ilikuwa pale, umbali wa kidole. Nilikuwa nimesema ukweli, sikuwa nimemwibia mtu. Mbelwa aliinua mkono wake wa kulia, pole pole, akaushikilia hewani juu ya kibao. Asingekataa. Nilimfahamu, hakuwahi kukataa kitu alichokabidhiwa maishani mwake, na ndiyo maana akakaa miaka sita kwenye kiti cha kamba kando ya kitanda cha bibi. Uso aliouweka ndio aliokuwa nao kwenye mazishi ya bibi.

Nikamshika kiganja, nikakishusha.

"Mama, kuna njia nyingine?"

Bi. Kaoneka akashangaa. "Nyingine ya nini? Hii ndiyo iliyonyooka."

"Kama mtu hataki kozi aliyopewa."

"Hajawahi kutokea." Akafikiri. "Yaani, ipo. Kuna Fomu ya Kauli. Unasema kwa mdomo wako unataka kusoma nini na kwa sababu gani, naandika, tunatia saini. Haijajazwa hapa tangu nianze kazi."

"Mbelwa aijaze."

"Hawezi peke yake." Akatuonyesha kioo. "Faili zenu zimefungamana. Ama zinasahihishwa zote mbili, ama zinafutwa zote mbili. Nikimfutia yeye nakufutia na wewe. Hiyo tisini na nne yako inakwenda na maji."

"Halafu?"

"Halafu unaingia chuoni bila Dira nyuma yako. Mwaka mzima wa majaribio, na wenzako wote wana namba, wewe huna. Ukishindwa mwaka huo hurudi tena, si kwa kozi hiyo wala nyingine." Alizungumza kwa upole, na upole ule ulinitisha zaidi. "Mwanangu, mashine inakubaliana nawe. Kitu unachokitaka ndicho inachokupa. Unakitupa cha nini?"

Mbelwa akanong'ona, "Bonyeza, wajina. Nimekuruhusu."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na safari hii nilijua namkasirikia nani. Miaka kumi watu wazima walikuwa wanahesabu mapigo yetu ya moyo, na hakuna hata mmoja aliyepata dakika ya kumwuliza yule mtoto: unapenda?

"Futa zote mbili," nikasema.

"Una hakika?"

"Mimi nina hakika. Na hizo kuta nitazijenga kwa namba au bila namba."

Bi. Kaoneka akabonyeza, na yale maandishi yote, saa elfu mbili za kitandani na saa elfu tatu za mawe, yakaondoka kwenye kioo yakabaki majina mawili yanayofanana.

Fomu zilikuwa chini ya kabati, karatasi za kweli, zimepiga manjano. Kalamu hakuwa nayo, tukaazima kwa mlinzi. Yangu ilijazwa kwa dakika tano. Kozi: Uhandisi wa Miteremko. Sababu: nimeona ukuta wa baba yangu ukianguka mara mbili na ninataka kujua kwa nini haukuanguka mara ya tatu.

"Umechagua kile kile," Bi. Kaoneka akanitania.

"Ndiyo. Ila sasa nikikosea, nimekosea mimi."

Akacheka, akavuta fomu ya pili. "Haya, Mbelwa. Unataka kusoma nini?"

Mbelwa akanitazama, akalitazama dirisha, akaitazama kalamu ya mlinzi.

"Sijui," akasema.

Nilitaka kumzaba kofi. Nimetupa tisini na nne yangu, nimechinjisha kuku sita bure, na bibie hajui! "Hujui namna gani?" nikamwuliza. "Hukufikiria njia nzima?"

"Najua nisichokitaka." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Hicho kingine sijawahi kuulizwa, wajina. Nitakijuaje?"

Hasira ikanitoka yote kwa mara moja. Kwa kweli hata Bi. Kaoneka alionekana kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa tena.

"Kozi ziko ngapi, mama?" Mbelwa akauliza.

"Mia mbili na kumi na nne."

"Unaweza kunisomea?"

"Zote?"

"Zote."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alimimina chai vikombe vitatu, akafungua orodha, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anayeita mahudhurio. Afya ya Mifugo. Akiolojia. Biashara ya Maua. Bustani na Misitu. Mbelwa alifumba macho. Kila jina lilimpita bila kumgusa, nami nikawa nahesabu, ishirini, arobaini, sitini, mpaka chai ikapoa. Nilianza kuogopa kwamba orodha itakwisha na msichana hana pa kwenda. Jiolojia. Kamusi na Lugha za Wenyeji. Kemia ya Vya—

"Hapo," Mbelwa akasema.

"Kemia?"

"Rudi nyuma. Rudia."

"Kamusi na Lugha za Wenyeji." Bi. Kaoneka akasogeza uso kwenye kioo. "Hii haijapata mwanafunzi miaka minne. Dira haimpeleki mtu huku. Wanasoma nini, sijui... kukusanya maneno kwa wazee kabla hayajapotea, kuyatungia kamusi."

Mbelwa alikuwa ameshalifungua daftari la kijani. Mikono ilikuwa imetulia kabisa.

"Yangu ni mia nne na kumi," akasema. "Ya bibi. Alikuwa hawezi kula mpaka nimwandikie jipya. Nilikuwa namkalia pale nikisubiri aseme."

Nikazikumbuka zile saa elfu mbili mia moja na arobaini. Hatua moja ya mgonjwa, moyo mtulivu, pumzi ya taratibu. Punje haikukosea kuhesabu. Aliipenda kweli kazi ile, ila haikuwa uuguzi. Nililia pale pale mbele ya afisa wa serikali, na sikuona haya.

Mbelwa alijaza fomu yake mwenyewe. Kwenye sababu aliandika mistari mingi, akageuza karatasi akaendelea nyuma. Tukatia saini, tukashukuru, tukaziacha zile punje mbili mezani. Mlangoni nilikumbuka kalamu ya mlinzi, nikarudi kuichukua.

Bi. Kaoneka hakuniona. Na yeye, kama kila afisa wa rika lake, aliwekwa pale na Dira, wala hakuulizwa. Alikuwa ameegemea kioo, kidole kwenye orodha, midomo inacheza. Alikuwa ameanza tena juu, kwenye herufi ya kwanza, na safari hii alikuwa anajisomea mwenyewe.